Barua ya wazi kwa Baba Askofu na Kamati ya Diakonia: fungueni mlango wa mradi wa mama na mtoto

Kwa:
Baba Askofu wa Dayosisi,
Mchungaji Kiongozi na Baraza la Wazee wa Usharika,
Wajumbe wa Kamati ya Diakonia.

YAH: MASHARTI YANAYOWAZUIA AKINA MAMA MASKINI KUPATA HUDUMA YA MRADI WA MAMA NA MTOTO

Bwana Yesu asifiwe.

Baba Askofu, naandika kwa heshima, na naiweka barua hii hadharani kwa sababu njia za ndani nimeshazimaliza. Mimi ni Mkristo wa usharika huu, mkunga mstaafu, na mmoja wa wanawake wanaojitolea kuwatembelea akina mama majumbani chini ya mradi wetu wa Diakonia, yaani huduma ya Kanisa kwa wahitaji. Nitakayoyaeleza si mageni mezani penu. Nimeyasema kwenye vikao vya watembeleaji, nikamwandikia Mchungaji Kiongozi, nikapitisha barua kwa Mkuu wa Jimbo kama utaratibu unavyotaka. Kila mara nimejibiwa kwamba linafanyiwa kazi, tuendelee kuomba. Tumeomba, na tunaendelea kuomba. Lakini mimba haisubiri kikao, na mtoto anayepungua uzito mwezi huu hawezi kuurudia mwezi huu mwakani. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nimeona nisifiche tena.

Sitaji jina la usharika wala la mama yeyote. Akina mama hawa tunaishi nao, wanachota maji pamoja nasi, na wameshanyooshewa vidole vya kutosha. Ninyi mnanifahamu, na mradi mnaufahamu.

Kwanza niseme kwamba mradi wenyewe ni mzuri. Mjamzito anaandikishwa, anahimizwa kuanza kliniki mapema, anatembelewa nyumbani, anafundishwa dalili za hatari, na mimba ikikaribia kutimia anakabidhiwa beseni lenye vifaa vya kujifungulia: mpira wa kutandika, glavu, pamba, wembe, kibanio cha kitovu, khanga mbili na nepi. Aliyewahi kufanya kazi wodi ya wazazi anajua thamani ya beseni hilo. Sera ya Afya ya 2007 inasema mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano wahudumiwe bila malipo, lakini mtaani kwetu kila mwanamke anajua kwamba ukienda mikono mitupu unaweza kutumwa duka la dawa huku uchungu umekushika. Wapo wanaochelewa kwenda kituoni kwa aibu hiyo tu, na mkunga anajua kuchelewa kunavyogharimu. Beseni la kanisa limewaondolea wengi aibu hiyo. Ndiyo maana nauma meno ninapoona nani analipata na nani analikosa.

Haya ndiyo yanayonisumbua.

1. Namba ya bahasha na cheti cha ndoa

Fomu ya kujiunga na mradi ni ya ukurasa mmoja. Nusu ya juu inauliza yale ambayo mkunga yeyote angeuliza: umri wa mama, mimba ya ngapi, lini aliona siku zake mara ya mwisho, kama ameanza kliniki, nyumbani wanaishi wangapi, maji wanayatoa wapi. Nusu ya chini ndiyo inayoamua. Kuna mstari wa namba ya bahasha ya ahadi, ile ambayo Mkristo anatolea sadaka aliyoahidi. Kuna mstari wa hali ya ndoa, na pembeni yake mtu ameongeza kwa kalamu kwamba nakala ya cheti iambatanishwe. Chini kabisa kuna nafasi ya saini na mhuri, ambapo mzee wa kanisa wa mtaa anathibitisha kuwa mwombaji ni Mkristo hai.

Asiye na bahasha hana namba. Asiyefunga ndoa hana cheti. Na mzee wa kanisa, hata awe na huruma kiasi gani, hawezi kumthibitisha mtu ambaye baraza lake mwenyewe limemtenga. Kwa mistari hiyo mitatu fomu inawaacha nje wale wale ambao mradi ulianzishwa kwa ajili yao: binti aliyepewa mimba na mvuvi aliyekwisha kuhamia mwalo mwingine; msichana wa kazi aliyefukuzwa tumbo lilipoanza kuonekana; mke wa ndoa ya kimila ambaye mahari yake haijaisha; mjane ambaye marehemu mumewe hakuwa wa dhehebu letu; mwanamke Mwislamu aliyepanga chumba mkabala na lango la kanisa. Waliomo kwenye orodha wengi wana shida kweli, na siwaonei wivu. Lakini wamo pia wenye duka, wamo wake wa wafanyakazi wenye mshahara wa kila mwezi, na mtaa mzima unalijua hilo.

Nitaeleza habari ya mmoja, kwa ruhusa yake. Ni binti anayeanika dagaa mwaloni kwa ujira wa siku. Alifika dirishani kwa mratibu akiwa na mimba ya miezi saba, miguu imevimba, kadi ya kliniki ameifunga kwenye pindo la khanga. Akaulizwa bahasha. Akasema walikuwa wakitumia ya mama yake, na mama yake amekwisha kufariki. Akaambiwa arudi kundini kwanza, kisha alete barua. Sasa kurudi kundini usharikani kwetu kuna ratiba yake: kuna mafundisho, kuna Jumapili iliyopangwa, kuna kusimama mbele ya kusanyiko. Alijifungua kabla ya miezi kutimia, mtoto wa kilo 2.1. Siku hiyo stoo yetu ilikuwa na mabeseni, kila moja limebandikwa jina la mtu mwingine.

Nilimtembelea ingawa hakuwa kwenye orodha yangu. Mtoto alikuwa amelazwa peke yake kwenye godoro, ameviringishwa khanga, ukuta wa mabati ukitoa baridi ya alfajiri, miguu yake midogo imepoa. Tulimvua, tukamweka kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi, tukamvika kofia, tukawafunika wote wawili, na baada ya muda miguu ikapata joto, akaanza kutafuta titi. Somo hilo limo kwenye kitabu chetu cha mafundisho. Tunawafundisha kila mwezi akina mama walioandikishwa, wengi wao wenye watoto wa kilo tatu. Yule aliyelihitaji kuliko wote hakuwa na namba ya bahasha.

Baba Askofu, makanisa ya nchi hii yamejenga hospitali ambazo taifa zima linazitegemea. Bugando, KCMC, Haydom, Ndanda, zote zimetokana na imani hii. Mama akifikishwa pale na uchungu, au na kifafa cha mimba, hakuna anayemwomba cheti cha ndoa kabla ya kumpandisha kitandani. Kama mlango wa hospitali ya Kanisa uko hivyo, kwa nini mlango wa mradi wa Kanisa uwe tofauti?

Sisemi baraza lisiwe na nidhamu yake. Meza ya Bwana na utaratibu wa kurudi kundini si juu yangu, na barua hii haiyagusi. Ninachosema ni kwamba nidhamu inayomhusu mama haifai kulipwa na kichanga. Kitanda hakizai haramu. Hilo walijua hata babu zetu kabla ya fomu hizi.

2. Mabinti wa shule

Tangu Novemba 2021, kwa waraka wa Wizara ya Elimu, msichana aliyekatishwa masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua. Serikali imeshaondoa kizuizi chake. Anachokosa binti wa mtaani kwetu ni mtu wa kubaki na mtoto kuanzia asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Sisi tuna chumba cha Shule ya Jumapili chenye mikeka, madirisha mazuri na choo karibu, kinafungwa Jumapili mchana na kufunguliwa Jumapili inayofuata. Tuna bibi zetu wa Umoja wa Wanawake waliolea na kulea tena. Kituo cha kulelea watoto mchana kina taratibu zake za usajili kupitia Ustawi wa Jamii, na zinatekelezeka. Nilipopendekeza niliambiwa tutaonekana tunashabikia mimba za utotoni.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshapata ujauzito. Ni zaidi ya mmoja katika kila watano. Hao ni watoto wetu wa kipaimara. Baadhi yao waliacha kuja kwaya ghafla, na hatukuuliza.

3. Maziwa ya kopo

Kila Krismasi wageni wetu, pamoja na Wakristo wenzetu wenye uwezo, wanaleta maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Yanapangwa madhabahuni, yanaombewa, kisha kila mama wa mradi anaitwa kupokea, hata mwenye mtoto wa wiki tatu anayenyonya vizuri kabisa. Nia ni njema na sitaki kumvunja moyo yeyote aliyetoa. Lakini nimekaa na wazazi na watoto wachanga maisha yangu yote ya kazi, na ni lazima niseme kinachotokea baada ya picha kupigwa.

Mama anaamini kwamba kilichotoka madhabahuni ni bora kuliko alichonacho kifuani. Anakoroga, anampa mtoto kwa chupa. Mtoto akishiba chupa ananyonya kidogo, na titi lisiponyonywa linapunguza kutengeneza maziwa. Ndivyo Mungu alivyoliumba. Kopo la gramu 400 halimalizi wiki. Mama anapoona linakwenda chini anaongeza maji ili lifike mbali, na maji yenyewe ni ya ziwani, yamechotwa kwa ndoo ile ile ya kufulia, na chupa inasuuzwa kwa hayo hayo. Kopo likiisha maziwa yake yamekwisha kupungua, na fedha ya kopo lingine haipo. Januari nakuwa na kazi ya kuzunguka nyumba za watoto wanaoharisha.

Hili si jambo jipya. Mwaka 1981 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha Kanuni ya kudhibiti uuzaji na ugawaji wa mbadala wa maziwa ya mama, na Tanzania inazo kanuni zake. Ushauri wa wataalamu ni ule ule uliobandikwa ukutani kliniki: miezi sita ya mwanzo maziwa ya mama tu, hata maji asipewe, kisha chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Wapo watoto wanaohitaji maziwa mengine: aliyefiwa na mama, au ambaye mama yake ni mgonjwa sana. Huyo aamuliwe na muuguzi au daktari, apewe kwa uhakika mpaka mwisho, na mlezi wake afundishwe kutumia kikombe kisafi badala ya chupa. Wengine wote, anayepaswa kulishwa ni mama. Bei ya kopo moja inamnunulia mama anayenyonyesha dagaa, maharage na mayai ya siku kadhaa, na hivyo vyote vinauzwa hatua chache kutoka kanisani.

Nikiwa hapo hapo kwenye chakula: unga wa lishe tunaogawa unakaa kwenye stoo inayovuja, na ndani yake zimesagwa karanga na mahindi. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga, huko Dodoma na Manyara, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hatujui. Hivi karibuni nilifungua mfuko ukanuka uvundo na unga umeshikana mabonge. Nilielekezwa uchekechwe, ugawiwe. Sikuugawa, na nasema hapa kwamba sitaugawa. Sumukuvu haitoki kwa kuchekecha.

4. Picha na ushuhuda

Jumapili ya Diakonia akina mama wanaitwa mbele na watoto wao kushuhudia jinsi mradi ulivyowaokoa. Mwaka huu ilirushwa ukutani kwa projekta picha ya mama akinyonyesha, jina lake likiwa chini, na maelezo kwamba mumewe alimkimbia. Baadaye ikawekwa kwenye ukurasa wa usharika mtandaoni. Hakuulizwa. Alipokuja kwangu wala hakuilalamikia picha. Alitaka kujua kama akikataa kushuhudia mwakani ataondolewa kwenye mradi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya na taarifa za watoto kuwa nyeti. Lakini hata isingekuwepo sheria, umaskini wa mtu si mali ya usharika.

5. Kuhitimu kwa mtoto wa mwaka mmoja

Mtoto akitimiza miezi 12 anavishwa joho dogo, anapewa cheti, na jina linafutwa. Sherehe inapendeza. Ila wataalamu wa lishe wanahesabu siku 1,000, tangu mimba kutungwa mpaka mtoto kufikisha miaka miwili, na udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa lishe duni, unajijenga zaidi pale mtoto anapoanza kutegemea chakula cha nyumbani. Kitaifa udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano ulikuwa asilimia 34 katika utafiti wa 2015/16. Ule wa 2022 ulikuta 30. Umepungua, lakini bado ni karibu watoto watatu katika kila kumi. Sisi tunamwacha mtoto katikati ya njia hiyo.

Nimempima mkono mtoto wa miezi 14, mhitimu wetu. Utepe ulisoma sentimita 11.9, eneo la njano. Chini ya 11.5 ni nyekundu. Cheti chake kilikuwa kimetundikwa ukutani juu ya kitanda. Nilimpeleka kituo cha afya mwenyewe, kwa sababu mradi haukuwa tena na daftari lake.

6. Usiku wa dharura

Kijitabu tunachowapa wajawazito kina nyimbo, mistari ya kukariri na namba ya simu ya ofisi, ambayo usiku haina wa kuipokea. Hakina namba 115, inayopigwa bure, ya mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na vichanga. Kuiongeza ni kazi ya mhuri wa mpira na wino. Na watembeleaji tunajilipia nauli. Mimi nina pensheni. Wenzangu wanauza mchicha, na siku wasipouza hawatembelei.

Najua majibu yatakayotolewa, maana nimeshayasikia yote.

Mtasema masharti ni ya wafadhili. Muhtasari wa makubaliano mliubandika wenyewe kwenye ubao wa matangazo, na niliusoma mstari kwa mstari. Unazungumzia mjamzito na mtoto mchanga wa kaya maskini katika eneo la usharika. Eneo. Haukutaja bahasha, haukutaja ndoa. Mistari ile ya nusu ya chini tumeiandika sisi.

Mtasema tukiwahudumia wasioolewa tunahalalisha dhambi na kuwavutia mabinti wengine. Hakuna binti anayebeba mimba kwa ajili ya beseni na kilo mbili za unga. Niko tayari kumpeleka mjumbe yeyote wa baraza mwaloni alfajiri, akae na wasichana hawa kwa heshima, asikie wenyewe wakieleza mimba zilipatikanaje. Baadhi ya habari hizo zingepaswa kuishia kwenye dawati la jinsia la polisi, na hazikufika huko kwa sababu hakuna aliyewauliza chochote zaidi ya cheti cha ndoa.

Mtasema fedha haitoshi kwa wote. Kweli haitoshi. Ndiyo sababu lazima tupange kwa uhitaji. Mwenyekiti wa mtaa anazijua kaya maskini zinazopokea ruzuku ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anajua nyumba zenye mimba ambazo hazijafika kliniki. Utepe wa mkono na mizani vipo stoo kwetu. Tukianza na hao, wenye uwezo watapisha wenyewe, na sina shaka wengi watapisha kwa moyo mweupe wakielezwa.

Na mtasema nimelichafua Kanisa kwa kusema nje. Baba Askofu, katika Matendo ya Mitume sura ya sita kulitokea manung'uniko, kwa sababu wajane wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Waliosahauliwa walikuwa wa kundi lisilo na sauti mjini pale. Mitume hawakutafuta nani ameanzisha maneno. Waliita kusanyiko lote, wakachaguliwa watu saba wenye sifa njema kusimamia ugawaji. Huduma yetu yote ya Diakonia imeanzia kwenye lalamiko hilo, na kwenye viongozi waliolisikiliza.

Ninachoomba ni hiki.

Nusu ya chini ya fomu ifutwe. Mama aandikishwe kwa uhitaji wake, awe wa usharika au asiwe, ameolewa au hajaolewa, Mkristo au Mwislamu. Mambo ya kurudi kundini yaendelee kwa njia yake, bila kufungamanishwa na unga, beseni wala kutembelewa.

Ugawaji wa maziwa ya kopo usitishwe kabla ya Krismasi hii, na ofisa lishe wa halmashauri aitwe azungumze na wazee na wafadhili wetu kabla hatujapokea zawadi nyingine. Unga ulioharibika uteketezwe, stoo iezekwe.

Picha ya mama au mtoto isitumike bila ridhaa yake ya maandishi aliyoielewa, na atangaziwe wazi kwamba kukataa hakumwondolei chochote. Ile iliyoko mtandaoni itolewe wiki hii.

Mtoto abaki kwenye mradi mpaka miaka miwili. Kama unga hautoshi, basi kutembelewa na kupimwa kuendelee. Chumba cha Shule ya Jumapili kijaribiwe kwa muhula mmoja kwa watoto wa mabinti waliorudi shule.

Kamati ya Diakonia, ambayo sasa ina wanaume wote isipokuwa katibu, iongezwe muuguzi au mkunga mmoja na akina mama wawili walio ndani ya mradi, na mapato na matumizi ya mradi yasomwe kanisani kama yanavyosomwa ya jengo.

Naomba nijibiwe kwa maandishi kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, ili mabadiliko yaingie kwenye bajeti ya mwaka ujao. Nikiitwa kwenye baraza nitakuja, na nitakuja na muuguzi wa kliniki ambaye amekubali kueleza upande wa kitabibu.

Wakati huo huo, ninayo majina ya wajawazito walio nje ya orodha, wameniruhusu niyawasilishe kwa mratibu tu. Watatu kati yao wanatarajia kujifungua kabla ya Krismasi. Nimehesabu mabeseni yaliyoko stoo na yanatosha kwa hao watatu na kwa wote walioandikishwa. Naomba Mchungaji Kiongozi aruhusu yao yatolewe sasa, kabla ya kikao chochote kukaa. Funguo anazo mratibu, na mimi naweza kuyapeleka siku hiyo hiyo.

Wenu katika huduma,

Mkunga mstaafu, mtembeleaji wa kujitolea, Mradi wa Mama na Mtoto

Nakala:
Mkuu wa Jimbo
Katibu wa Idara ya Wanawake ya Dayosisi
Ofisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa